Mate ya Maalim: kisa cha kinywa kilichokauka baada ya mionzi

Maalim alifika kliniki yetu ya meno, hapa Tanga, siku nne kabla ya mwezi wa Ramadhani kuandama. Mkononi alikuwa na kipande cha jino la mbele alichokikunja ndani ya karatasi ya daftari. Jino lilikatika usiku akila muhogo wa nazi. "Muhogo, binti yangu, si mfupa," aliniambia. Sauti yake ilikwama kila baada ya maneno matatu, na ulimi ulipoachana na kaakaa ulitoa mlio mdogo kama wa karatasi inayobanduliwa. Hakuwa na maumivu. Swali alilokuja nalo halikuhusu jino hata kidogo: alitaka kujua kama mwaka huu ataweza kufunga.

Ana umri wa miaka 58 na amefundisha watoto Kurani zaidi ya nusu ya maisha yake. Miezi 13 kabla ya siku hiyo alikuwa amemaliza mionzi ya saratani ya nasofarinksi, yaani ile inayoota nyuma ya pua, juu kabisa ya koo, mahali ambapo huwezi kupaona hata mtu akipanua kinywa mbele ya taa. Ilianza kama uvimbe shingoni na sikio moja lililoziba. Amenipa ruhusa niandike habari zake, nami nimebadilisha mambo machache ili asitambulike. Anataka zisomwe, na mimi pia nataka, kwa sababu nina sehemu yangu ndani yake.

Haikuwa mara yetu ya kwanza kukutana. Mwaka uliotangulia, katika Mfungo Nane, alikuja na gego la chini upande wa kulia, limetoboka na kuoza hadi ndani. Alikuwa na barua ya hospitali inayosema mionzi itaanza baada ya wiki tatu. Niliisoma. Nikamwambia: "Maalim, maliza kwanza mionzi, upate nguvu, ndipo uje tuling'oe." Nilidhani namhurumia mtu aliyekwisha kuelemewa. Akanishukuru, akanunua dawa ya maumivu, akaenda zake.

Jibu hilo lilikuwa kinyume cha lililotakiwa. Jino baya lililo kwenye njia ya mionzi hung'olewa kabla, na kidonda hupewa angalau wiki mbili za kupona. Baada ya mionzi, mfupa wa taya hauna tena damu ya kutosha ya kujiponya, na shimo la jino lililong'olewa linaweza kubaki wazi miezi na miezi, mfupa ukionekana mkavu ndani ya kinywa. Alikuwa na wiki tatu mkononi, zilitosha kabisa. Nilizipoteza mimi.

Mionzi ilivyopita kwenye mate

Alipigwa mionzi vipindi 35, siku tano kwa wiki, kwa wiki saba. Kipimo cha jumla kilikuwa grei 70 (grei ni kizio cha kupimia mionzi inayoingia mwilini), pamoja na dripu za sisplatini, dawa ya saratani. Hicho ndicho kiasi cha kawaida kwa saratani hii, na ndicho kilichomponya: hadi leo vipimo vyake ni safi. Silaumu mionzi. Bila hiyo nisingekuwa na mgonjwa wa kumwandikia.

Lakini saratani ya nasofarinksi hupenda kusambaa kwenye mitoki ya shingo pande zote mbili, kwa hiyo shingo yote hutibiwa, kulia na kushoto. Na mbele ya kila sikio imelala tezi kubwa ya mate, parotidi. Ni ile ile inayovimba mtoto akiugua matubwitubwi, mashavu yakajaa kama kaweka embe mdomoni. Chini ya taya kuna jozi nyingine, chini ya ulimi jozi ya tatu, na kwenye midomo, mashavu na kaakaa kuna vijitezi vidogo kwa mamia. Mtu mzima mwenye afya hutoa kati ya nusu lita na lita moja na nusu ya mate kwa siku. Parotidi hufanya kazi zaidi wakati wa kula. Zile za chini ya taya ndizo hutoa sehemu kubwa ya mate ya muda wote, yale ambayo hatuyahisi mpaka yasipokuwepo.

Chembe za parotidi huumizwa na mionzi haraka ajabu. Mate huanza kupungua ndani ya wiki ya kwanza. Maalim anakumbuka Alhamisi ya wiki ile ya kwanza: mate yalikuwa mazito kama ulimbo, yanavutika, hayatemeki wala hayamezeki. Akafikiri ni mafua. Wiki ya tatu vidonda vikaenea kinywani, na tangu hapo hakuna aliyezungumzia mate tena, kwa sababu kulikuwa na shida kubwa zaidi ya kumeza uji. Vidonda vilipona. Mate hayakurudi.

Parotidi ikipata wastani wa chini ya grei 26 hivi, huwa ina nafasi ya kuamka tena ndani ya mwaka mmoja au miwili. Ikipita hapo kwa mbali, hailali tu, inakufa. Maalim alitibiwa kwa njia ya zamani, miale ikitoka kulia na kushoto, hivyo tezi zote mbili zilisimama katikati ya njia. Mashine mpya zinaweza kuuchonga mwale ili tezi ipate kidogo. Jaribio la PARSPORT la Uingereza, lililochapishwa mwaka 2011 kwa wagonjwa 94, lililinganisha njia hizo mbili: baada ya miezi 12, ukavu mkubwa wa kinywa ulikuwa kwa asilimia 74 ya waliotibiwa kwa njia ya zamani, na asilimia 38 ya waliotibiwa kwa njia mpya. Mgonjwa au ndugu anaposubiri kupangiwa mionzi ya kichwa au shingo, swali "tezi za mate zitakingwa vipi?" ni haki yake, na si utovu wa adabu kwa daktari.

"Kunywa maji mengi"

Kila aliyemlalamikia alimwambia anywe maji. Akanywa. Alitembea na chupa msikitini, darasani, sokoni. Usiku aliamka mara tano, kunywa na kwenda haja. Kinywa kilibaki kikavu dakika mbili baada ya kila funda.

Maji yanalowesha, mate yanalainisha. Mate yana ute unaoganda kwenye ulimi na mashavu ili visisuguane. Yana baikaboneti inayozima uchachu, kalsiamu na fosfati zinazorudisha madini kwenye meno kila baada ya kula, na vikinga vinavyozuia fangasi na bakteria. Maji hayana kimojawapo cha hivyo kwa kiasi cha maana. Mafunda makubwa makubwa hata huusukuma tumboni ule ute kidogo uliosalia.

Kwa hiyo Maalim akajitafutia dawa yake. Alinieleza kwa fahari kidogo, kwa kuwa aliigundua mwenyewe na ilifanya kazi: kipande cha ndimu chenye chumvi, akinyonye polepole. Ndimu ikiingia, mate yalikuja, machache lakini yalikuja. Baadaye akaongeza juisi ya ukwaju, akaiweka kwenye chupa badala ya maji. Darasani, pipi za kifua, moja baada ya nyingine, ili sauti isikatike. Jioni barazani, kahawa na kashata, kama alivyozoea tangu ujana wake.

Hapo ndipo meno yalipoponzwa. Uchachu hupimwa kwa pH, na kadiri namba inavyoshuka ndivyo uchachu unavyozidi: ngozi ngumu ya jino huanza kuyeyuka pH ya kinywani inaposhuka chini ya 5.5, na mzizi ulio wazi huyeyuka mapema zaidi. Maji ya ndimu yako kati ya 2 na 3. Mtu mwenye mate akinyonya ndimu, mate huja mbio, yanauzima ule uchachu, na baada ya muda jino limepona. Maalim alikuwa anaweka ndimu mahali ambapo hakuna wa kuizima, mara kumi kwa siku, kisha sukari juu yake. Na kwa vile uozo wa meno baada ya mionzi mara nyingi hauumi, hakuna kilichomwonya. Nimeuliza wagonjwa wengi tangu siku ile. Karibu kila mmoja anayo ndimu yake: mmoja maembe mabichi yenye pilipili, mwingine soda, mwingine ubuyu wa rangi. Hakuna aliyewakosea kwa makusudi. Waliambiwa "kunywa maji", maji yakashindwa, wakatafuta.

Nilichokiona

Nilipoingiza kioo changu kidogo, kiliganda kwenye shavu. Ikabidi nikibandue. Hiyo peke yake ni dalili inayotosha, haihitaji mashine. Ulimi ulikuwa mwekundu, umechanika mifereji, hauna vile vijipele vyake. Pembe za midomo zilikuwa zimepasuka na kulikuwa na madoa meupe kwenye kaakaa, fangasi. Kinywa kilipanuka vidole viwili vyake tu, ilhali kwa kawaida mtu hupitisha vitatu. Misuli ya taya nayo ilikuwa imekakamaa kwa mionzi.

Meno tisa yalikuwa yameoza, na mtindo wake ulikuwa ule ule: mviringo wa kahawia kwenye shingo ya jino, pale linapokutana na fizi, kama kamba iliyofungwa. Kwa watu wengine mahali hapo hapaozi upesi hivyo, kwa sababu mate husaidia kupakinga. Meno mawili ya mbele juu yalikuwa yamebaki nusu. Na lile gego la kulia chini, langu, lilikuwa bado lipo, kuta zake zimeanguka, mizizi imekaa.

Nikampima mate. Kipimo hiki ni rahisi mno na sijui kwa nini hatukifanyi kila siku: kikombe kilichopimwa uzito, mgonjwa ainame dakika 10 bila kumeza wala kuongea, ateme kilichokusanyika. Tulipata mililita 0.4, yaani 0.04 kwa dakika. Kawaida ni kama 0.3 hadi 0.4 kwa dakika, na chini ya 0.1 ni ukavu wa kweli. Kisha nikampa kipande cha nta atafune dakika 5. Safari hii zilitoka mililita 1.5, sawa na 0.3 kwa dakika. Ni kidogo, mtu mzima akitafuna hutoa mililita moja au zaidi kwa dakika. Lakini si sifuri. Hesabu hiyo ya pili ndiyo iliyonipa moyo, maana ilionyesha kwamba mahali fulani bado kuna tezi zilizo hai zinazoitika zikiitwa.

Mkewe alikuwa amekaa pembeni. Aliniambia jambo ambalo Maalim hakulitaja: mumewe haoni tena ladha ya chumvi, na tangu Idi iliyopita anakula peke yake chumbani, kwa sababu anachukua saa nzima kumaliza sahani na anaona haya mbele ya wajukuu. Harufu ya pilau, iliyokuwa inamfanya amezee mate tangu mlangoni, sasa haimfanyi chochote. Na ladha inahitaji mate. Chakula kisipoyeyuka, ulimi hauna cha kuonja.

Kisha Maalim mwenyewe akasema kilichomuuma kuliko vyote. Herufi zake zimeharibika. Kila herufi ya Kurani ina mahali pake pa kutokea. Thaa, dhaal na dhwaa hutoka ncha ya ulimi ikigusa kingo za meno ya mbele ya juu. Faa hutoka meno hayo hayo yakigusa mdomo wa chini. Meno yalipokatika, herufi zikapoteza mahali pa kutua. Ulimi mkavu nao ulinata kwenye laam na nuun. Watoto walianza kuiga makosa yake wakidhani ndivyo isomwavyo. "Niliwahi kumrudisha mtoto aya moja mara kumi kwa ajili ya dhaal," alisema. "Sasa nimrudishe kwa kinywa gani?"

Tulichofanya

Kabla ya dawa yoyote, ndimu, ukwaju, pipi na kashata viliondoka. Kahawa ilibaki, chungu, bila kitu pembeni. Niliogopa kwamba nitamwondolea faraja yake ya mwisho, kwa hiyo kila kilichotoka kilipewa mbadala. Maji yakawa mafunda madogo, ya kulowesha na si ya kujaza. Maji ya kusukutua tukayatengeneza nyumbani: kijiko kimoja cha chai cha chumvi na kimoja cha beking soda katika lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa, mara nne hadi sita kwa siku na kila baada ya kula. Hapa naomba msomaji awe makini. Beking soda si beking pauda, ambayo ina asidi ndani yake. Wala si magadi ya kulainishia maharage, ambayo ni makali na yataunguza kinywa ambacho tayari kina kidonda. Mkewe alinunua magadi mara ya kwanza. Bahati alinionyesha kwanza.

Fangasi walitibiwa kwa flukonazo, nikaiandika baada ya kuhakikisha haigombani na dawa zake nyingine. Kwa taya, mazoezi ya kupanua kinywa polepole mara kadhaa kwa siku. Miezi minne baadaye kidole cha tatu kiliingia nusu.

Kwa meno yaliyobaki, floraidi ndiyo nguzo. Nilimchukua nakala ya meno, nikamtengenezea vibao laini vya plastiki vya kuvaa juu na chini, na kila usiku anaweka ndani jeli ya sodiamu floraidi ya asilimia 1.1, yenye floraidi karibu sehemu 5000 kwa milioni, kwa dakika kumi. Anatema bila kusukutua. Dawa ya meno ya kawaida ina kati ya 1000 na 1500, na mgonjwa asiyepata jeli aitumie hiyo mara tatu kwa siku, ateme tu, asisuuze. Hapo tulipata upinzani nisioutarajia. Mkwewe anatoka Arumeru, na amekua akiona meno ya kahawia ya watu waliokunywa maji yenye floraidi nyingi tangu utotoni. Akaja kuniuliza kwa nini nampa mzee sumu ile ile. Swali lake lilikuwa na msingi. Nikamweleza kuwa madoa yale huingia jino likiwa bado linajengwa ndani ya taya ya mtoto. Jino la mtu wa miaka 58 limekwisha kujengwa, na floraidi inayopakwa juu na kutemwa hulikaza ngozi. Akaridhika, na sasa yeye ndiye anayemkumbusha.

Mswaki wa mti Maalim hakutaka kuuacha, nami sikumwomba. Ni sunna kwake na ni tabia njema. Tulikubaliana aulowekee kwanza ncha iwe laini, isichune fizi kavu, na kwamba dawa ya meno ifuate baada yake.

Kuhusu chakula nilijifunza zaidi kutoka kwa mkewe kuliko nilivyomfundisha. Ugali mkavu na mkate vilishindikana. Wali ulipita ukiwa umelowa mchuzi wa nazi. Bamia na mlenda vilipita kuliko chochote, kwa sababu vina ute wake vyenyewe. Nilipomsikia akieleza hivyo niliona amefika mwenyewe pale vitabu vinapofika. Samaki wa kuchoma aliwekwa kando, wa kupaka akabaki. Tone la mafuta ya nazi kwenye midomo na ulimi kabla ya kulala lilimsaidia kupitisha saa mbili tatu bila kuamka. Hata kwa mtu mzima wa afya mate karibu hukatika usiku, ndiyo maana wagonjwa hawa huogopa usiku kuliko mchana.

Na dawa ya kuamsha tezi ipo. Inaitwa pilokapini. Asili yake ni kichaka cha jaborandi cha Brazili, na madaktari wa macho wameitumia kwa matone miaka mingi. Kama kidonge cha ukavu wa kinywa baada ya mionzi, Marekani iliipitisha mwaka 1994: miligramu 5, mara tatu kwa siku. Haifufui tezi iliyokufa, huichochea iliyo hai, na ndiyo maana ile hesabu ya nta ilikuwa na maana kwangu. Haifai kwa mwenye pumu isiyodhibitiwa wala aina fulani ya presha ya macho, na mwenye ugonjwa wa moyo aangaliwe kwanza. Maalim hakuwa na hayo. Sikuipata katika duka lolote la dawa hapa mjini. Mpwa wake aliyeko Muscat aliinunua huko kwa cheti chetu na kuituma.

Ilimtoa jasho. Tanga yenyewe ina joto la kutosha, na wiki mbili za kwanza kanzu zake zililowa kabla ya adhuhuri. Akataka kuacha. Nilimwomba avumilie wiki 12, kwa kuwa faida yake huchelewa. Wiki ya tisa alinipigia simu, akasoma aya tano mfululizo kabla hajanisalimia. Wiki ya 12 tulipima tena: 0.1 kwa dakika akiwa ametulia, 0.5 akitafuna. Kwa karatasi ni nambari ndogo. Kwake ilikuwa robo nzima ya hizbu ya Kurani bila kugusa chupa.

Meno ya mbele tuliyajenga kwa simenti ya glasi ayonoma, inayotoa floraidi kidogo kidogo. Meno ya bandia yangekuwa mepesi kwangu, lakini plastiki hushikwa kinywani na mate, na bila mate ingesugua fizi mpaka ichubuke. Siku ya pili alirudi kunionyesha faa imerudi. Dhaal ilichukua wiki.

Gego

Nimeliacha mwisho kwa sababu ndilo lililoninyima usingizi.

Nilimwandikia daktari wa saratani kumuuliza taya la kulia lilipata kiasi gani. Jibu: zaidi ya grei 60 pale gego lilipo. Katika kiasi hicho, kung'oa ni kubahatisha mfupa. Ndugu mmoja alishauri apelekwe kwenye chumba cha oksijeni ya shinikizo kabla ya kung'oa. Ushauri huo ulikuwa wa kawaida zamani, lakini jaribio la HOPON la mwaka 2019 halikuona faida yake kwa wagonjwa wa aina hiyo. Tuliamua kutong'oa kabisa. Nilimtibu mizizi katika safari tatu, kwa kinywa kisichopanuka na mgongo wangu ukiwaka moto, nikaiziba, kisha nikakata kilichobaki cha kichwa cha jino usawa wa fizi. Mizizi imezikwa mahali pake, imefungwa, haina usaha.

Safari ya tatu, ganzi ikiwa bado haijaisha, nilimwambia. Nilimwambia kwamba jino hili lilipaswa kutoka kabla ya mionzi, kwamba alilileta kwa wakati, na kwamba mimi ndiye niliyemrudisha. Alikaa kimya. Mwishowe akasema, "Basi waambie wenzio." Baada ya hapo tulibandika karatasi kwenye meza ya mapokezi: mgonjwa mwenye barua ya mionzi ya kichwa au shingo haingii kwenye foleni, anaonwa siku hiyo hiyo. Tumeshawaona sita.

Ramadhani

Swali lake la kwanza nililijibu mwisho, na sikulijibu peke yangu. Upande wa kinywa nilimwambia ukweli: saa 13 bila tone la maji zitachana ulimi na kurudisha fangasi. Upande wa sheria yeye ni mwalimu wangu. Alizijua aya za Sura ya Baqara zinazompa mgonjwa ruhusa kabla sijafungua mdomo. Mwaka wa vidonda alikula na akatoa fidia bila kusita. Safari hii alijiona mzima, na kula kulimwia vigumu. Alikiri kwamba alikuwa anatia udhu hata pasipokuwa na haja, ili tu apate kusukutua.

Alifunga siku mbili. Ya kwanza alifika magharibi. Ya pili, baada ya alasiri, mbele ya wanafunzi, ulimi ulinata kwenye kaakaa katikati ya aya na hakuweza kuumaliza mstari. Mtoto wa miaka tisa aliinuka akamletea kikombe cha maji, akakishika kwa mikono miwili, akasubiri. Maalim alikunywa mbele yao wote. Kisha akawafundisha pale pale hukumu ya mgonjwa katika mwezi wa Ramadhani, darasa ambalo halikuwa kwenye ratiba, na siku zilizobaki akalisha masikini.

Imepita miezi 14 tangu aje na lile jino kwenye karatasi. Pilokapini anatumia bado, mara mbili kwa siku badala ya tatu. Limeoza jino moja jipya, dogo, tumeliziba. Anakula sebuleni na wajukuu, akiwa na bakuli lake la mchuzi pembeni ya sahani. Eksirei ya mwezi uliopita inaonyesha mfupa wa kulia umetulia kuizunguka mizizi, hakuna weusi. Nitaupiga picha tena baada ya miezi sita, na mingine sita baada ya hapo, kwa kuwa hatari ya mfupa huo haina tarehe ya kuisha.